Miezi ya Kungoja Matokeo Isiwe Miezi ya Kungoja Posa



Leo tunaliweka mkekani jambo ambalo nyumba nyingi zinalo na hazilisemi. Mwezi wa Novemba watoto wetu wa kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa. Matokeo yanatoka Januari. Waliofaulu wanaingia kidato cha tano Julai. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miezi saba. Wa kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei, matokeo yanakuja Julai, na vyuo vikuu vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Hapo napo kuna kama miezi mitano.

Mvulana katika miezi hiyo hakosi pa kwenda. Yuko dukani kwa ami yake, yuko gereji, anajifunza udereva, au yuko uwanjani na wenzake. Binti yetu yuko ndani. Anaamka, anafagia, anapika, anamwangalia mdogo wake, anashika simu, jioni anatazama tamthilia ya Kituruki, usiku anarudi kwenye simu. Wiki ya kumi mama anaanza kusema mtoto "amekaa tu". Wiki ya kumi na tano posa inapiga hodi, na kwa kuwa mtoto amekaa tu, inajibiwa haraka kuliko inavyostahili.

Sisi tunaozungumza hina, singo na mahari kila siku hatuwezi kuipinga ndoa. Ndoa ni sunna na ni heri. Tunachokikataa ni ndoa inayoingia nyumbani kwa sababu mlango ulikuwa wazi na binti hakuwa na shughuli. Na tunasema kwamba dawa yake ipo. Tumeiona ikitumiwa na watoto wa watu wengine, tena katika mitaa yetu wenyewe.

Wageni wa Mbagala na Bunju

Wengi wetu tunavuka kwa boti kwenda kwa jamaa zetu wa Dar es Salaam: Magomeni, Mwananyamala, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, au Tandika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke. Huko mtu hakosi kuwaona. Ni vijana wa Kizungu kumi au kumi na watano, wengi wao wasichana, umri wa miaka 18 au 19, fulana za rangi moja. Wanapaka rangi ukuta wa darasa, wanafundisha Kiingereza, wanacheza na watoto wa kituo. Wiki tatu, wakati mwingine miezi mitatu, halafu wanaondoka na kundi jengine linakuja.

Kwao hii ni desturi. Kati ya sekondari na chuo kikuu kijana anachukua mwaka wake, anasafiri, anajitolea nchi ya mbali, kisha anarudi kusoma. Wageni wa kujitolea si wapya kwetu. Wafanyakazi wa Peace Corps wa Marekani walifika Tanganyika mwaka 1961, na miongoni mwa wa mwanzo walikuwamo wapima ardhi, wahandisi na wataalamu wa miamba. Wale walikuja na ufundi mkononi. Hawa wa siku hizi mara nyingi hawajasomea kitu bado. Wanakuja na moyo na umri wao.

Hatuwacheki. Msichana wa miaka 18 anayeondoka kwao, akalala chini ya chandarua Mbagala na kupanda daladala iliyojaa ili akafundishe watoto wasio wa kwao, ana ujasiri, na ujasiri unastahiki heshima. Tunauliza jambo moja tu. Yeye na binti yetu wana umri mmoja na miezi ile ile ya kungoja. Kwa nini wa kwao anaitwa amejitolea, na wa kwetu anaitwa amekaa tu?

Jibu la haraka ni pesa, na kweli pesa imo. Lakini mtazame vizuri yule msichana. Mwaka wake umefungwa kama kamba, ncha zote mbili. Kabla hajaondoka, chuo chake kimeshamuandikia kwamba nafasi yake ipo. Tiketi ya kurudi anayo. Kundi lina kiongozi, nyumba ya kufikia inajulikana, na nyumbani kwao kuna mtu anayejua tarehe atakayoteremka uwanja wa ndege. Mwaka wake una mwanzo na una mwisho, na watu wazima wameusimamia.

Wa kwetu amefungwa ncha moja. Mtihani umekwisha, ya mbele Mungu anajua. Kamba ya namna hiyo inavutwa na yeyote anayepita.

Nchi yetu iliwahi kujaribu

Haya hatuyasemi kwa kukisia. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio kubwa la elimu. Ndani yake mlikuwamo hili: mwanafunzi amalizaye kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apitie Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, apate na maoni mazuri ya mwajiri na ya chama, ndipo aombe nafasi. Nia ilikuwa njema. Msomi aijue jasho la wenzake kabla hajashika kalamu ya ofisini.

Wavulana walirudi. Idadi ya wasichana wanaoingia chuo kikuu ikaporomoka. Katika miaka ile miwili wengi waliolewa, wakapata watoto, nyumba zikawashika, na nafasi ya chuo ikapita. Serikali ikaliona, na baadaye wasichana wakaruhusiwa kwenda moja kwa moja bila ya kungoja.

Hadithi hii kila mama mwenye binti angeijua. Watu wengine wanaifahamu kwamba msichana asipewe nafasi ya kupumua, apelekwe mbio mbio hadi shahada. Sisi tunaifahamu hivi: muda wa kungoja usio na mlinzi humla msichana kabla ya mvulana. Basi tuuweke mlinzi.

Kwa wa kidato cha sita, serikali yenyewe imeweka kitu. JKT, iliyoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ilirudisha mafunzo ya mujibu wa sheria mwaka 2013 baada ya kusitishwa tangu 1994. Anayechaguliwa huenda kambini kama miezi mitatu. Lakini aliyemaliza kidato cha nne hana kambi ya mujibu wa sheria. Na huyo ndiye mdogo zaidi, na ndiye aliye karibu zaidi na posa.

Mtoto wa kituo si kivutio

Kabla ya kusema tunachokitaka kwa mabinti zetu, tuseme ukweli kuhusu ile kazi ya vituoni, maana hatutaki waige na kasoro zake.

Mtume wetu (S.A.W.) aliuweka utukufu wa kumlea yatima karibu mno naye, akaonesha kwa vidole vyake viwili namna watakavyokuwa jirani Peponi. Qur'ani katika Suratul Maun imemhesabu anayemsukuma yatima kuwa miongoni mwa wanaoikadhibisha dini. Kwa hiyo kwetu mwana wa kituo ni amana.

Sasa mfikirieni mtoto wa miaka mitatu anayelelewa kituoni. Anakuja dada mwenye nywele za dhahabu, anambeba, anamlaza, anamwita "mpenzi wangu". Wiki tatu mtoto analia akiachwa hata dakika moja. Siku ya ishirini na mbili dada hayupo. Anakuja mwengine. Naye anaondoka. Mtoto wa namna hii huishia kumkimbilia kila mgeni anayeingia getini, na watu wanasema, "Tazama anavyopenda watu!" Si mapenzi hayo. Ni mtoto aliyeachwa mara nyingi mpaka hajui tena nani wake.

Dunia imeanza kulikubali hili. Mwezi wa Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za watoto wasio na malezi ya wazazi, na humo likataka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya utalii na kujitolea kwenye vituo vya yatima. Sababu moja ni hii ya mtoto kuachwa achwa. Nyengine ni kwamba panapokuwa na wageni wanaolipa kwa kuona watoto, hutokea watu wanaotafuta watoto wa kuoneshwa. Watoto wengi wanaoishi vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kilichowatoa nyumbani ni umasikini. Bibi yake angesaidiwa unga, sare na nauli ya skuli, mtoto angelala kwao.

Na sheria ipo. Bara kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na huku kwetu kuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011. Kituo cha kulelea watoto kinatakiwa kiwe na leseni, na Ustawi wa Jamii ndio wenye jicho. Yako makao ya serikali, kama Kurasini kule Temeke na Mazizini hapa Unguja, na viko vya taasisi na vya watu binafsi. Mgeni naye ana sheria yake: anayetaka kujitolea Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi daraja C. Viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi, hata isiyo na mshahara.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe mtoto. Mgeni apewe jembe: apake rangi, afundishe kompyuta, amfundishe mwalimu wa Kiingereza kinachomtatiza. Kumlisha mtoto, kumuogesha na kumlaza ni kazi ya anayebaki.

Na anayebaki ni nani?

Anayebaki ni binti yetu. Yeye anaijua lugha. Anajua mtoto akisema "tumbo linanikata" ana maana gani. Anajua kumfundisha kutia udhu, kumsukia nywele, kumuimbia ya kulala ambayo bibi yake angemuimbia. Na akimaliza miezi yake hapandi ndege. Yuko hapo hapo mtaani, mtoto atamuona Ijumaa, atamuona Idi.

Mfano wa kwamba wasichana wetu wanaweza tunao. Katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Mombasa waliona watoto wao wanaingia darasa la kwanza wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa taasisi za Aga Khan ukaanzishwa mpango wa skuli za awali za madrasa, na mwalimu aliyeubeba mwanzoni alikuwa Bi Swafiya Said. Mwaka 1990 mpango ukafika Zanzibar, na 1993 Uganda. Walimu waliochukuliwa walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao wasichana waliomaliza sekondari na "wamekaa tu". Walifundishwa namna ya kumsomesha mtoto mdogo kwa michezo, kwa vifaa vya kuokota vya pwani: vifuu, visoda, mbegu, vipande vya kanga. Maelfu ya watoto wa pwani walipita mikononi mwao. Hawakuja na ndege hao. Walitoka nyumba ya tatu.

Tukirudi nyuma zaidi, Bibi Rufaida al-Aslamiyya (R.A.) alikuwa na hema lake msikitini Madina akiuguza majeruhi, na humo ndimo alimowekwa Saad bin Muadh (R.A.) alipoumia katika vita vya Khandaq. Mwanamke kutoka na kuhudumia watu kwa stara si jambo tulilolichukua kwa Wazungu.

Tunavyoshauri ifanyike

Tunasema mabinti wanne au watano wa mtaa mmoja, au wa madrasa moja, waingie kwenye huduma pamoja katika miezi hii. Anayeishi Unguja au Pemba na ana shangazi Magomeni au khalati Mbagala, anaweza kuvuka akakae huko. Kwa mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya kisiwa hiyo ni safari kubwa, na faida yake ni kubwa. Huko kuna skuli za chekechea zenye watoto wengi na mwalimu mmoja, kuna madrasa zinazotafuta msaidizi, kuna watoto wa kidato cha pili wanaohitaji mtu wa kuwafundisha hesabu bila ya ada, kuna wazee wanaoishi peke yao. Kazi haikosekani.

Lakini tuweke masharti, maana tumeona muda usio na mlinzi unavyofanya.

Kwanza, tarehe mbili ziandikwe kabla ya kuanza: ya kuanza na ya kurudi. Isipungue miezi mitatu kama atakuwa na watoto wadogo, ili asiwe mgeni mwengine wa wiki tatu. Na isipite siku ya kuripoti kidato cha tano au chuo.

Pili, mama mzazi aende mwenyewe. Amuone mkuu wa mahali hapo, aulize leseni kama ni kituo cha watoto, atazame vyoo, aone nani mwanamke mwenye dhamana ambaye binti atakuwa chini yake. Mkuu anayechukia maswali ya mama asipewe mtoto wa mtu.

Tatu, alale kwa jamaa anayejulikana au kwao. Asilale kituoni wala skulini. Aende kwa mwangaza na arudi kwa mwangaza. Foleni ya Kilwa Road mnaijua, basi saa za kazi zipangwe kwa kuihesabu.

Nne, asipewe kazi isiyo yake. Hajasomea uuguzi, asichome sindano wala asitoe dawa. Na mahali pasimgeuze mtumishi wa bure wa nyumbani kwa mkuu.

Tano, hakuna picha za watoto mitandaoni. Hata moja. Suratul Insan inawasifu wanaomlisha masikini na yatima na hawataki malipo wala shukurani. Anayepiga picha keshajilipa.

Sita, apewe nauli na chakula cha mchana na yeyote anayeweza: baba, ami, kaka aliye Oman, kamati ya msikiti. Kutoa ni moyo, lakini moyo haupandi daladala bure. Na mwisho apewe barua, ieleze alifanya nini na kwa muda gani. Siku akiomba chuo au kazi, barua hiyo itasema zaidi ya cheti peke yake.

Na nje ya nchi je?

Tunaulizwa: mbona wao wanakuja kwetu, wetu hawaendi kwao? Wapo waendao. Kuanzia 2011 serikali ya Uingereza iligharamia mpango wa International Citizen Service, ambao uliwaweka vijana wa Uingereza na vijana wa nchi mwenyeji, wa miaka 18 hadi 25, wakikaa katika nyumba za wenyeji na kufanya kazi bega kwa bega. Tanzania ilikuwamo. Ujerumani ina mpango wa weltwärts, uliokuwa ukipeleka vijana wao kwetu tangu 2008, na kuanzia 2013 ukafungua mlango wa pili, vijana kutoka nchi kama yetu kwenda kujitolea Ujerumani, katika chekechea, kwa wazee, katika mazingira. Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo njia hiyo si ngeni.

Kwa binti wa Kiislamu kuna maswali yake. Suala la mahram lipo na hatulipitii juu juu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, wanazuoni wameruhusu mwanamke kwenda Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Safari isiyo ya faradhi wengi wao wameikazia zaidi, na baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wameilegeza pakiwa na amani na kundi la kuaminika. Kaeni na sheikh wenu kabla ya kujaza fomu, msimfuate baada ya viza kutoka. Ulizeni nyumba atakayofikia ina nani, atasali wapi kazini, chakula kikoje, na akiugua nani anapigiwa simu.

Na hadharini na jina. Siku hizi kila kitu kinaitwa kujitolea, na kila kitu kinaitwa nafasi. Mpango wa kweli una mkataba, una bima, una tarehe ya kurudi, na pasipoti inabaki mkononi mwa mwenyewe. Mtu anayetaka kuishika pasipoti ya binti yenu, anayemtaka afike kwanza ndipo aelezwe kazi, au anayemwambia asiwaambie wazazi, huyo anaangukia kwenye Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008. Mfungieni mlango na mpeleke habari polisi.

Posa ikija katikati

Itakuja. Ni kawaida na ni heshima. Mposaji akija na binti yuko Tandika anasomesha chekechea, hilo si ila, ni sifa. Mume anayetafuta mama wa wanawe amepata pa kuuliza: muulizeni mwalimu mkuu subira yake ikoje, waulizeni watoto.

Jibu la wazazi liwe la adabu na liwe wazi: tumekusikia, binti ana amana mpaka tarehe fulani, na skuli inafunguliwa tarehe fulani, tutazungumza kwa kuzihesabu hizo. Aliye mkweli atangoja. Asiyeweza kungoja miezi minne atawezaje kungoja miezi tisa ya mimba na miaka miwili ya kunyonyesha? Na mabiharusi mliokwisha kukubali, habari ya masomo na kazi izungumzwe kabla ya mahari kutajwa, mbele ya mawalii wenu na watu wazima wa pande zote mbili. Jambo lisilosemwa kabla ya nikaha hugeuka ugomvi baada ya fungate.

"Watu watasema nini?"

Watasema. Watasema mtoto wa fulani anazurura Bara. Watu hao hao hawasemi kitu mtoto akikaa ndani na simu mpaka saa nane za usiku akizungumza na asiyemjua. Stara haikai kwenye kuta nne peke yake. Inakaa kwa mtu aliye na kazi, anayejua anatarajiwa wapi saa ngapi, na anayejua nani atauliza asipofika.

Watasema pia, nani atafanya kazi za nyumbani? Swali la haki. Mama anayeuza maandazi alfajiri anamtegemea binti yake, na hatumwambii aumie. Basi iwe siku tatu kwa wiki. Iwe asubuhi tu. Iwe chekechea ya nyuma ya nyumba. Hatujasema lazima avuke bahari. Tumesema awe na mahali pa kwenda, mtu wa kumtarajia, na tarehe ya kurudi.

Msichana wa Kizungu anayepaka rangi ukuta Bunju atarudi kwao na kusimulia maisha yake yote kwamba mwaka ule ulimfundisha yeye ni nani. Binti yetu ana haki ya kujijua pia kabla hajawa mke wa mtu. Atakayemuoa atafaidika kwa hilo, na wanawe watafaidika zaidi.

Mama zetu, mtihani ni Novemba. Msingoje uishe. Kaeni na mabinti zenu sasa, kaeni na mama wa marafiki zao, tafuteni mahali, andikeni zile tarehe mbili, mzitundike pale ukutani inapotundikwa ratiba ya swala. Mwenyezi Mungu awahifadhi mabinti zetu, awajaalie waume wema kwa wakati wake, na awafanye kitulizo kwa yatima na kwa wazee wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.